Uzi: Mama yuko mwambao, bingwa yuko Mwanza. Tunavyofuatilia baridi yabisi kwa simu (watu wa Kigoma na Tabora karibuni)

BintiMwambao

Wakuu, habari za majukumu. Wagonjwa poleni, na nyie mnaouguza poleni pia, najua usiku wenu ulivyo.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila wiki napigiwa simu na mtu anayeuliza jambo lilelile: "Mama yako anaangaliwaje na bingwa bila kusafiri kila mwezi?" Nimeshaeleza mpaka nimechoka kueleza mmoja mmoja. Naandika mara moja, mwenye shida asome.

Mimi naishi Gungu, Kigoma mjini. Mama yuko kijiji cha mwambao, kaskazini kupita Gombe, njia ya boti ziendazo Kagunga. Kazi yake tangu ujana ni kukamua mawese. Ana baridi yabisi ile ya uvimbe, ambayo hospitali wanaiita rumatoidi athraitisi. Hii siyo kuchakaa kwa viungo kwa ajili ya umri. Ni kinga ya mwili inayogeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo, na ikiachwa inakula mpaka mfupa. Inawapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Kwa mama ilianza vidoleni. Akiamka, mikono imekaza kama imefungwa kamba, na inamchukua mpaka saa tatu asubuhi ndiyo ianze kulegea. Tukapoteza karibu miaka miwili. Mara amekanyaga kitu, mara ni baridi ya ziwa, mara achuliwe kwa mafuta. Muda wote huo ananunua diklofenaki dukani, maumivu yanapungua, uvimbe unaendelea kula ndani kwa ndani. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mabingwa wanasema dawa za kuzuia ugonjwa zianze ndani ya miezi mitatu tangu dalili zianze, kabla kiungo hakijaharibika. Sisi tulifika Mwanza kidole chake kidogo cha kushoto kimeshapinda, na hakitanyooka tena.

Naomba hapa mnielewe vizuri: ugonjwa haukugunduliwa kwa simu. Daktari alimshika mkono, akambana vifundo vya vidole kwa pamoja, mama akaruka. Akabonyeza kiungo kimoja kimoja, akachukua damu, akapiga picha ya mikono na miguu. Simu ilianza kazi baada ya hapo. Kama mgonjwa wako hajawahi kushikwa na daktari, usitafute ushauri wa mtandaoni, tafuta nauli.

Baada ya kugundulika, daktari alituambia wazi kwamba ugonjwa huu hautaki mtu anayeonekana mara mbili kwa mwaka. Ukiwa bado umewaka, unatakiwa kupimwa kila mwezi mmoja hadi mitatu. Ikipita miezi mitatu hakuna nafuu, au sita na lengo halijafikiwa, dawa inabadilishwa. Nikawaza: boti mpaka Kibirizi, kulala kwangu, basi mpaka Mwanza, kulala tena, kurudi. Kwa mtu ambaye magoti yamevimba! Nikamwambia daktari hatutaweza. Ndipo akauliza, "Huko kijijini simu inashika?"

Inashika, lakini siyo kila mahali. Kuna mwamba karibu na kisima, ukisimama pale picha inaondoka. Ukiwa nyumbani unapata sauti tu, tena ya kukatika.

Utaratibu tuliopanga ni huu. Kila Jumatano mpwa wangu, yuko darasa la sita, anachukua simu ya mama na kutuma vitu vitatu kwangu. Mimi napanga, namtumia nesi wa kliniki, na nesi anamwonyesha daktari akiona kuna tatizo.

Cha kwanza ni namba. Kuna dodoso fupi linaloitwa RAPID3, linatumika nchi nyingi. Mgonjwa anajipima mwenyewe mambo matatu: kazi anazoweza kufanya, maumivu, na hali yake kwa ujumla. Kila moja 0 hadi 10, jumla 30. Ikizidi 12 ugonjwa umewaka, ikiwa 3 au chini yake umetulia.

Tatizo likaja kwenye kuuliza. Nikimuuliza mama, "Kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi?" ananijibu, "Mwanangu, yanauma." Wiki tatu nzima jibu ndilo hilo. Siku moja niko kijijini nikaona amepanga madumu yake ya lita kumi ukutani. Nikamwambia, "Mama, maumivu yako ni mawese. Leo dumu limejaa lita ngapi?" Akaangalia lile dumu kidogo, akasema, "Leo ni saba. Jana lilikuwa limejaa mpaka kwenye mfuniko." Tangu siku hiyo hatujawahi kukosa namba. Mjukuu anauliza lita, bibi anajibu lita, kliniki wanasoma namba.

Kwenye kazi za mikono ikawa vilevile. Dodoso linauliza kama mtu anaweza kufungua bomba na kupanda na kushuka kwenye gari. Kijijini kwetu maji ni ya kuchota, na gari halipo. Nikamuuliza nesi kama tunaweza kubadilisha: kufunga kanga, kufungua mfuniko wa dumu, kusonga ugali, kupanda na kushuka kwenye boti. Akakubali, ila akaandika kwenye faili kwamba maswali yamebadilishwa, ili asije mtu akalinganisha namba za mama na za mgonjwa mwingine. Mama analinganishwa na mama mwenyewe wa wiki iliyopita.

Cha pili ni picha, na nitarudi kuieleza. Cha tatu ni dawa, na hapo kuna kisa. Nakiandika kesho nikiwa na utulivu, maana hata sasa mikono inatetemeka.

MpitaNjia_UJ

Dada pole sana. Lakini swali la kweli: kwani hii haisababishwi na baridi? Bibi yangu Ujiji alikuwa anaanika dagaa usiku, na wote wa kazi ile walilalamika mikono.

BintiMwambao

Kaka, jina ndilo linatupoteza. Tukisikia "baridi" tunafikiri sweta itatibu. Baridi inaweza kumfanya mgonjwa asikie maumivu zaidi, lakini ugonjwa wenyewe unatoka kwenye kinga ya mwili. Kazi nzito nayo inaumiza mikono, ila angalia dalili: ya uchovu wa kazi inapona ukipumzika. Hii ya mama ni mbaya kuliko zote anapoamka, baada ya kupumzika usiku mzima, na inapungua akianza kujishughulisha. Mkono ukikaza asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, kila siku, kwa wiki kadhaa, na vifundo vimevimba, hapo usichue tena.

Sasa kisa.

Mama aliandikiwa methotrekseti. Ni dawa nzuri, ndiyo wanayoanza nayo wagonjwa wengi wa ugonjwa huu duniani. Inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Narudia, kwa wiki. Vidonge vinne, kila Jumapili. Tukanunua kumi na sita, vya wiki nne. Duka la dawa tuliponunua, sitalitaja, kijana akavitia kwenye kibahasha na kuandika juu yake kwa kalamu: 4×1.

Nyote mnajua 4×1 inasomwaje. Vinne, kutwa mara moja. Hatujawahi kufundishwa kuisoma vingine tangu tukiwa watoto tunapewa panadoli. Daktari alimwambia mama Jumapili, mimi nikamwambia Jumapili, lakini kibahasha ndicho kilichokwenda naye kijijini, na mpwa wangu anajua kusoma.

Akameza Jumapili. Akameza Jumatatu. Akameza Jumanne.

Jumatano ikaja ripoti yetu. Namba ziko sawa, picha ya mikono iko sawa. Kuna swali nesi alikuwa ameliongeza mwishoni: "Kinywa kikoje?" Mama akatuma voisi: "Kinywa kinawaka mwanangu, hata uji umenishinda." Nikaituma kwa nesi kama ilivyo. Hazikupita dakika tano, nesi akapiga mwenyewe. Hakunisalimia. Akasema, "Mwambie ahesabu vidonge vilivyobaki. Sasa hivi. Asimeze kitu."

Nikapiga simu, mpwa akamwaga kibahasha kwenye sinia, akapiga picha, akakimbia mpaka kwenye ule mwamba wa kisimani ili iondoke. Nikaifungua nikiwa sokoni Mwanga. Sinia ya bluu, vidonge vinne vya njano katikati. Vilitakiwa viwe kumi na viwili.

Asubuhi ile boti zilikuwa zimeshaondoka. Ndugu wakakodi mtumbwi wa injini. Walipompima mjini seli nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka, na figo hazikuwa vizuri kwa sababu ya diklofenaki aliyoendelea kunywa bila kutuambia. Methotrekseti hutoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo ilikuwa imekwama ndani. Wakampa dawa ya kuzuia sumu yake, inaitwa foliniki, akalazwa siku tisa. Akapona. Kosa hili la kumeza kila siku limeshatokea nchi nyingi na limeua watu, na kwa kawaida vidonda vya kinywani ndivyo vinavyotangulia.

Nimelifikiria sana jambo hili. Tungesubiri kliniki ya mwezi unaofuata, nisingekuwa na mama. Picha za mikono hazikuona kitu. Namba nazo hazikuona kitu. Kilichomwokoa ni swali moja la maneno mawili, na nesi aliyekuwa anasoma majibu siku ileile.

Tangu hapo kila Jumapili, kabla ya kumeza, vidonge vyote vinamwagwa kwenye sinia na picha inatumwa. Mimi nahesabu, najibu "meza". Nisipojibu hamezi. Na kibahasha kimeandikwa kwa maneno makubwa, kwa mkono wangu: JUMAPILI TU.

TabibuWaZamu

Dada asante kwa kuandika. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya, na kosa la 4×1 nililiona mwaka jana kwa mgonjwa mwingine kabisa. Wenzangu wa maduka ya dawa mlioko humu, dawa ya wiki iandikwe siku kwa jina. Naongeza machache.

Mgonjwa wa methotrekseti apewe na asidi ya foliki, imezwe siku tofauti na methotrekseti. Apimwe damu: picha kamili ya damu, ini na figo. Mwanzoni ni kila baada ya wiki chache, akishatulia ni kama kila miezi mitatu. Kipimo hiki simu haiwezi kukifanya, kwa hiyo boti lazima ipandwe. Mwanamke anayetarajia kubeba mimba asiiguse kabla ya kuzungumza na daktari, inaharibu mimba.

Kuna hali ambazo usitume ujumbe usubiri jibu, mpeleke mgonjwa kituoni. Kiungo kimoja kimevimba ghafla, cha moto, na ana homa: inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na kiungo kinaharibika kwa siku chache tu. Kikohozi kikavu na kukosa pumzi akiwa kwenye methotrekseti. Shingo inauma na mikono inakufa ganzi. Mwenye prednisoloni (dawa kali ya kushusha uvimbe) ya muda mrefu ambaye dawa zimemwishia: ile haiachwi ghafla.

Lingine, mtu akisema anaona uvimbe wote kwa simu ya video, anajidanganya. Daktari anahesabu viungo 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole na magoti. Uvimbe wa hii baridi yabisi ni laini, unasikika chini ya vidole vya mpimaji. Kamera haina vidole.

BintiMwambao

Ubarikiwe kaka tabibu. Ni kweli kabisa, na bingwa wetu alituambia hivyohivyo. Mama anaenda kushikwa kwa mkono mara mbili kwa mwaka, damu anapima hapa Kigoma mjini kila miezi mitatu, simu inajaza katikati.

Kuhusu picha nilizoahidi. Sisi watu weusi, wekundu wa kiungo hauonekani vizuri, kwa hiyo usiutafute. Angalia mikunjo ya ngozi juu ya vifundo. Kiungo kikivimba mikunjo inapotea, ngozi inanyooka na kung'aa. Piga asubuhi, mlangoni penye mwanga, bila flashi. Picha nne: migongo ya mikono ikiwa imelala juu ya kanga isiyo na maua mengi, ngumi, viganja vimebanwa pamoja kifuani kama mtu anayeomba, na miguu. Miguu haimo kwenye zile hesabu za viungo 28, na mama ilimsumbua sana bila mtu kujua. Ngumi ndiyo inasema mengi. Mwezi wa kwanza vidole havikugusa kiganja. Sasa vinne vinafika, kile kidogo kilichopinda hakifiki.

KaliuaKwetu

Mimi niko Kaliua, Tabora. Mdogo wangu ana miaka 26, mgongo chini kabisa unamuuma mwaka wa pili. Anaamka saa tisa usiku anatembea uani ndiyo apate nafuu. Akipumzika ndiyo anazidi. Ametibiwa UTI, taifodi, malaria. Juzi jicho limekuwa jekundu linauma. Je, hiyo methotrekseti inaweza kumsaidia? Na ana kitochi, hana simu ya intaneti. Tutafanyaje?

TabibuWaZamu

Ndugu yangu, jicho kwanza. Jicho jekundu lenye maumivu kwa kijana mwenye mgongo wa namna hiyo linaweza kuwa kuvimba ndani ya jicho, na likicheleweshwa linaweza kupofuka. Nendeni hospitali yenye mtu wa macho kesho asubuhi, hospitali ya Kitete pale Tabora mjini kama karibu hakuna, na mwelezeni habari ya mgongo pia, msitenganishe.

Methotrekseti ya mama wa mwenzako usimpe. Maelezo yako yanafanana na ugonjwa wa uvimbe wa uti wa mgongo. Huanza ujanani, huamsha mtu usiku wa manane, hupungua akitembea. Kwa uti wa mgongo methotrekseti haisaidii. Huo huanza kwa mazoezi ya kila siku na dawa za uvimbe zinazosimamiwa na daktari, wengine huhitaji dawa kubwa zaidi.

BintiMwambao

Kaka wa Kaliua, kitochi kinatosha. Namba hazihitaji intaneti. Kwa ugonjwa wa mgongo kuna dodoso lake, linaitwa BASDAI, maswali sita ya wiki iliyopita, kila moja 0 hadi 10. Akishagunduliwa, kliniki wakikubali, wewe unamuuliza kwa simu ya kawaida, unaandika kwenye daftari, unawatumia kwa meseji.

Mimi niliwahi kushawishiwa aplikesheni nzuri yenye rangi na michoro. Mama hakuifungua hata mara moja, na kijijini bando linaisha kabla ya ukurasa kufunguka. Denmaki, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 294 wa baridi yabisi waligawanywa. Wengine walifuatiliwa kwa dodoso na kupigiwa simu, wengine walienda kliniki kama kawaida. Baada ya mwaka ugonjwa ulidhibitiwa sawasawa. Lakini someni vizuri: wale walikuwa tayari wametulia kwa dawa, na majibu yao yalisomwa na mtu wa kliniki anayeujua ugonjwa, halafu anapiga simu. Mtu huyo akikosekana, dodoso ni karatasi tu.

Mama_Wawili_Urambo

Mimi naogopa jambo moja. Niliwekwa kwenye grupu la WhatsApp la wagonjwa wa viungo, picha ya miguu yangu ikasambazwa na mtu anauza dawa ya asili. Nilikunywa ile dawa, wiki moja maumivu yote yaliisha, mwezi wa pili uso ukavimba na sukari ikapanda.

BintiMwambao

Pole sana dada yangu. Nenda kituoni ukiwa na chupa ya hiyo dawa, na usiikatishe ghafla kabla hujaonana na daktari. Nafuu ya haraka namna hiyo na uso kuvimba hufanana na dawa iliyochanganywa prednisoloni au ndugu zake, na mchezo huo unajulikana duniani kote.

Kuhusu picha, taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume ya kupeleka malalamiko. Sisi hatutumii grupu kabisa. Picha za mama zinatoka kwake, kwangu, kwa nesi, basi. Uso wake haumo. Na kabla ya kuanza nilimuuliza mama kama anakubali, nikamweleza nani ataziona. Akaniuliza, "Huyo nesi ni mtu mzima?" Nikamwambia ndiyo. Akasema sawa.

KaliuaKwetu

Nimerudi wakuu. Tulienda. Jicho amepewa matone, maumivu yanapungua. Amepigwa picha ya nyonga na mgongo, wameandika rufaa. Daktari alishangaa kuona nimemwandikia siku kumi na nne kwenye daftari, saa anazoamka na muda mgongo unaokaa umekaza. Amebaki na nakala.

BintiMwambao

Hilo daftari usilipoteze, endelea nalo mpaka siku ya rufaa.

Huku kwetu mama wiki hii ana lita mbili za maumivu, jumla 7 kati ya 30. Wakati tunaanza ilikuwa 22. Bado haijafika pale daktari anapotaka, kwa hiyo mwezi ujao anapanda boti kuja kupima damu, tuone kama dozi itaongezwa. Picha ya sinia imeingia saa moja asubuhi. Nimehesabu mara mbili, vipo vinane, ndivyo vinavyotakiwa. Nimejibu "meza".